Sahihi ya Don Crispín

Don Crispín Toledo Rentas alikuwa amekufa, na jambo hilo halikuwa na ubishi. Alikufa kabla mtu yeyote milimani Adjuntas hajaona paneli ya jua kwa macho yake, akasomewa rozari usiku tisa mfululizo kama ilivyo ada, akazikwa na suti ya kuazima ambayo mwenye nayo bado anaililia. Kwa hiyo Nilsa Maisonet, aliyeketi mezani Ijumaa asubuhi akisubiri kampuni ipige simu ya video izungumze na Don Crispín ana kwa ana, alikuwa na haki kamili ya kutokwa na jasho.

"Acha kutikisa mguu, dada," alisema Gamaliel. "Meza inacheza. Marehemu ataonekana anatetemeka."

Marehemu alikuwa upande wa pili wa meza, amenyolewa vizuri, anakula mkate na jibini. Jambo hili linahitaji maelezo.

Nyumba hii Nilsa aliinunua kwa Gamaliel Toledo, mjukuu wa Don Crispín, na kilichomvutia hakikuwa vyumba wala bustani. Kilikuwa juu ya paa na ukutani nyuma ya jiko: paneli za jua na betri kubwa nyeupe. Mama yake Nilsa, Doña Providencia, alikuwa na mapafu yaliyochoka, na alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyotaka umeme mchana na usiku. Kimbunga cha mwisho kilipopiga walimkimbiza hospitalini, na hospitali yenyewe ikazimika. Nilsa alikaa naye kwenye ngazi gizani, akimshika kifua, mpaka jenereta lilipokubali kuwaka. Siku ile alijiapiza kwamba hatategemea tena waya wa mtu yeyote. Sasa kimbunga kingine kilikuwa baharini, kingefika kisiwani usiku wa leo, na baada ya kimbunga umeme wa milimani hurudi pale unapojisikia kurudi.

Betri ilikuwepo. Ila ilikuwa imefungwa.

Kosa lilikuwa uungwana wa Nilsa. Aliiandikia kampuni ya paneli akiomba mkataba uhamishiwe jina lake. Kampuni ikamshukuru sana, na papo hapo ikaifunga betri kwa mbali, kutoka ofisini San Juan, mpaka mteja wao halali ajitokeze kuthibitisha. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo, betri inang'olewa. Tangu siku hiyo paneli zilimeza jua, betri ikajaa pomoni, na taa yake ya rangi ya chungwa ikakaa ukutani ikimtazama Nilsa kama mlinzi wa benki. Hata tone haikutoa.

Na mteja halali ni nani? Milimani kule mtu akifa hufutwa kila mahali isipokuwa kwenye bili ya umeme. Kubadilisha jina la bili kunataka warithi wote waweke sahihi mbele ya mwanasheria, na warithi wote maana yake ni shangazi wa New York asiyesemezana na shangazi wa Orlando. Basi bili huachwa iendelee kumwita marehemu kwa jina, na marehemu huendelea kulipa bila kinyongo. Wauzaji wa paneli walipofika, walitaka jina la mkataba lifanane na jina la bili. Gamaliel hakuona sababu ya kumsumbua mtu makaburini. Alisaini mwenyewe: Crispín Toledo Rentas, na mkia mrefu mwishoni.

"Ulisaini jina la maiti!" Nilsa alimpigia kelele siku alipojua.

"Nilisaini jina la bili," alijibu Gamaliel. "Mtaa huu kila mtu kasaini jina la bili. Tukisema tuwafufue wote, tutakosa pa kuegesha magari."

Ndiyo maana mezani alikuwepo Don Tiburcio, mdogo wake marehemu. Pua ilikuwa ile ile, masikio yale yale, na kitambulisho cha zamani cha Crispín kilikuwa kimepatikana kwenye droo. Don Tiburcio alikubali kazi hiyo kwa sharti la kifungua kinywa.

Aliyefichwa mpango huo ni Doña Providencia. Yeye ndiye aliyeongoza zile rozari za usiku tisa. Sauti yake ndiyo iliyomsindikiza Crispín mpaka mlangoni kwa Mungu, na mwanamke wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba mtu wake amerudi kwa shughuli ndogo ya kiofisi. Alikuwa chumbani, mlango umeegeshwa, mashine ikivuma taratibu.

Simu ikalia. Kwenye kioo akatokea mwanamke mwenye miwani mizito na uso wa mtu ambaye hajanywa kahawa yake.

"Habari za asubuhi. Naitwa Ivelisse Otero. Mazungumzo haya yanarekodiwa. Naongea na Don Crispín Toledo Rentas?"

Don Tiburcio alimeza jibini. "Kwa neema ya Mungu."

Nilsa akafumba macho.

"Ulizaliwa lini, Don Crispín?"

"Siku ya Mtakatifu Crispín, ndiyo nikapewa jina hili. Mama alitaka kunisubirisha hadi kesho yake, baba akamwambia mwache mtoto atoke." Akautaja na mwaka, sawasawa, kama walivyokariri.

"Jina la mama yako?"

"Eufemia Rentas," alisema, na sauti ikamkwama. Hapo hakuwa anaigiza. Mama yao alikuwa mmoja.

Ivelisse alitazama kitambulisho, akatazama pua, akatazama masikio. Nje upepo ulikuwa umeanza kuigeuza migomba majani.

"Nimeridhika," alisema Ivelisse. "Wewe ndiye Don Crispín."

Chini ya meza Gamaliel alimpiga Nilsa teke la furaha.

"Sasa, Don Crispín, hii nyumba uliiuza?"

"Niliuza, binti yangu."

"Na hukuiarifu kampuni."

"Mambo yalikuwa mengi."

"Basi nasikitika." Ivelisse alisoma kitu kando ya kioo. "Mteja aliye hai akiuza nyumba bila kutuarifu amevunja mkataba. Betri inachukuliwa leo. Fundi yuko njiani tayari, anataka kumaliza kabla ya upepo."

Don Tiburcio alitazama mkate wake kana kwamba ndio uliosema.

"Mlisema ajitokeze athibitishe!" Nilsa alisimama. "Ndivyo mlivyoandika!"

"Amethibitisha, mama. Amethibitisha kwamba yupo." Ivelisse alishusha sauti. "Mimi mwenyewe silipendi sharti hili. Angekuwa amefariki, lingekuwa jambo jingine kabisa. Mteja akifa hahesabiwi kuvunja chochote. Naifungua betri saa hiyo hiyo, na mnapewa muda wa kutosha wa kupanga karatasi. Lakini ndio hivyo. Mzee yupo, ana afya tele."

"Afya tele," alirudia Don Tiburcio kwa unyonge, akaweka mkate chini.

Gamaliel alikohoa kidogo. "Samahani, bibie. Na kwa mfano, tuseme tu, akifa mchana huu?"

"We mtoto!" alifoka Don Tiburcio.

Hapo umeme ukakatika.

Haukukatika kwa kishindo. Pangaboi lilizunguka mizunguko michache ya mwisho likasimama, jokofu likanyamaza, na kutoka chumbani ikaanza ile sauti ambayo Nilsa aliisikia hata ndotoni: mlio mkali wa mashine ya oksijeni ikilalamika kwamba imeachwa. Simu yake ya mkononi iliendelea kuwaka pale mezani, na Ivelisse ndani yake, lakini Nilsa alikuwa ameshakimbia.

Doña Providencia alikuwa ameketi kitandani, mkono kifuani. Nilsa alichomoa bomba kwenye mashine akalichomeka kwenye mtungi mdogo wa akiba. Mtungi mkubwa haukuletwa. Wauzaji wa mitungi walikuwa wamefunga duka tangu jana kukimbia kimbunga. Mshale wa mtungi mdogo ulikuwa umelala karibu na alama nyekundu.

"Nani anaitwa Crispín huko nje?" aliuliza mama yake, pumzi ikikatikakatika.

"Hakuna, mama. Pumua."

"Nimesikia anaitwa. Nimesikia mtu anaitika. Mapafu ndiyo mabovu, Nilsa. Masikio hayajaharibika."

Nilsa aliutazama mshale. Betri ilikuwa upande wa pili wa ukuta huo huo, imeshiba, haina faida kwa mtu. Barabara ya kwenda mjini ilishaanza kumwaga udongo kwenye kona, na mtungi huu usingefika hata nusu ya njia. Alirudi mezani, akaikamata simu kwa mikono miwili.

"Don Crispín amekufa," alisema.

Ivelisse alimkodolea macho. "Sasa hivi?"

"Zamani! Alikufa zamani. Huyu ni mdogo wake, Tiburcio. Tumekudanganya."

Ivelisse alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Don Tiburcio alikuwa bado yupo. Alipunga mkono kwa aibu.

"Mama," alisema Ivelisse polepole, "nimeshaona watu wakimfufua mtu ili wasipoteze betri. Milimani kwenu ni kawaida, juzi nimeongea na marehemu mmoja akapiga chafya. Ila kumuua mtu mbele yangu ili msipoteze betri, hiyo sijawahi. Ama ulinidanganya kwanza, ama unanidanganya sasa. Nitajuaje?"

"Sikiliza." Nilsa aliigeuza simu kuelekea chumbani, ambako mashine iliendelea kulia. "Huyo ni mama yangu. Ana mtungi mmoja, na unaisha."

"Nimesikia. Na ninasikitika, nasema kweli. Lakini huruma haina kibonye cha kubonyeza hapa kwangu."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Doña Providencia alitokea na gauni lake la kulalia, bomba puani, akivuta mtungi kwenye kigari chake kama mtu anayempeleka mbwa matembezi. Alimtazama Don Tiburcio kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Nibariki, Doña Providencia," Don Tiburcio alimwamkia kwa salamu ya milimani kule, akitazama sakafu.

"Mungu akubariki, na akusamehe. Wewe ndiye Crispín leo?" Akaigeukia simu, akavuta pumzi. "Binti, Crispín Toledo nimemwombea mimi. Usiku tisa, magoti chini. Kama karudi, mwambie kwanza anilipe magoti yangu."

Ivelisse alitaka kucheka, akajizuia. "Nakuamini, Doña. Lakini rozari haiandikwi kwenye mkataba. Ninachohitaji ni mtu aliyesaini kwa jina la marehemu. Aseme kwa mdomo wake, uso wake nikiuona, kwamba babu alikufa na sahihi ni yake yeye. Halafu asaini tena jina lile lile mbele yangu nilinganishe na ya mkataba. Nikiona ni mkono mmoja, naweza kuamini na kufungua. Cheti cha kifo mtanitumia baadaye. Mtu huyo yupo?"

Wote waligeuka. Gamaliel alikuwa ameshafika mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Nilikuwa naangalia kama mvua imeanza," alisema.

"Gamaliel."

"Nilsa, subiri. Wewe hujui. Jumatatu naanza kuendesha basi la shule. Nimesubiri kazi hii tangu mwanangu hajazaliwa. Wanataka cheti cha polisi kisicho na doa." Akaisogelea simu, uso bila mzaha hata chembe. "Bibie, nikisema, nitashtakiwa?"

"Sijui," alisema Ivelisse. "Nikikwambia hapana nitakuwa nakudanganya. Mimi nitaandika nilichosikia, na kitapelekwa kwa wanasheria wa kampuni. Wao ndio watakaoamua."

Barabarani gari lilipiga honi. Fundi alikuwa amefika. Walimsikia akiburuta ngazi yake kutoka juu ya gari, chuma kikikwaruza chuma.

"Nipe dakika nifikiri," Gamaliel alimsihi Nilsa.

"Mama hana dakika za kukugawia!"

"Mwache," alisema Doña Providencia. Alikuwa ameketi, na midomo yake ilianza kupoteza rangi. Aliongea neno, akapumua, akaongea neno. "Gamaliel. Shuleni ulikuwa unasaini ripoti zako mwenyewe. Kwa jina la babu yako."

Gamaliel aliganda. "Nani kakwambia?"

"Crispín. Alizikuta zote. Alikuja nazo kwetu. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, huyu mtoto hesabu hajui. Lakini sahihi yangu anaiandika vizuri kuliko mimi."

"Alijua?"

"Miaka yote."

Gamaliel alisimama pale, funguo zikining'inia kwenye kidole. Kisha alizitupa mezani, akavuta kiti, akakaa mbele ya simu. Alimgeukia Don Tiburcio.

"Nibariki, babu."

"Mungu akubariki, mwanangu. Na akukaze mkono."

"Naitwa Gamaliel Toledo Irizarry," aliiambia simu. "Babu yangu Crispín amekufa. Paneli zilipokuja alikuwa ameshakufa. Mkataba nilisaini mimi."

Nilsa alimpa kalamu na gazeti la jana. Gamaliel aliandika jina pembezoni, juu ya picha ya kimbunga, akaliinua mbele ya kamera.

Ivelisse alikunja uso. "Haifanani."

"Vipi haifanani?"

"Herufi zimesimama kama askari. Na hakuna mkia. Hii ya mkataba ina mkia mrefu."

Gamaliel alijaribu tena. Ikatoka mbaya zaidi. Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Maisha yake yote sahihi hiyo aliiandika akipiga mluzi. Sasa kwa mara ya kwanza aliiandika akisema kweli, na mkono ukagoma. Nje fundi aligonga ukuta wa nyuma akitafuta pa kuegemeza ngazi. Mshale wa mtungi uligusa nyekundu. Doña Providencia alikuwa ameacha kuongea.

Nilsa alimwinamia Gamaliel sikioni. "Unasaini kama shahidi," alimwambia kwa meno yaliyobana. "Saini kama mhuni. Una miaka kumi, umepata sifuri ya hesabu, na basi la shule linaondoka."

Gamaliel alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko, nusu kitu kingine. Hakuitazama karatasi. Kalamu ikaruka, Crispín, Toledo, Rentas, na mwishoni mkia ukafyatuka, ukavuka picha ya kimbunga, ukaishia kwenye kitambaa cha meza.

"Ishike vizuri," alisema Ivelisse. "Isogeze. Hivyo hivyo." Macho yake yalikwenda kushoto, yakarudi. Kushoto, yakarudi. "Ndiyo. Ni mkono huo huo. Ngojeni."

Alianza kuandika. Walisikia vidole vyake vikigonga vibonye huko San Juan, na hawakusikia kingine chochote, kwa sababu Nilsa alikuwa amepiga magoti karibu na mama yake na alikuwa anasikiliza tu kile kifua. Kilipanda. Kikakaa. Kikashuka. Kikakaa muda mrefu mno.

"Inachelewa," alisema Ivelisse. "Mtandao huku nao umeanza kuyumba."

"Fungua," alisema Nilsa, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeomba. "Fungua, fungua, fungua."

Nyuma ya jiko kitu kikapiga *tak*.

Jokofu lilikohoa. Pangaboi likaanza kujikokota. Chumbani mashine ilinyamazisha mlio wake, ikatafakari, kisha ikaanza kuvuma. Nilsa alimbeba mama yake. Hakujua alipata wapi nguvu hizo. Alimbeba pamoja na mtungi na kigari chake, akamlaza kitandani, akarudisha bomba mahali pake. Mara ya kwanza alikosea, akarudia. Akashikilia bomba kwa vidole, kana kwamba oksijeni ingeweza kubadili mawazo.

Rangi ilirudi polepole, kwanza kwenye midomo. Doña Providencia alifumbua jicho moja.

"Tiburcio kala jibini yote?"

"Kala, mama."

"Nilijua."

Sebuleni Ivelisse alikuwa anaongea na fundi kwa simu nyingine, akimwambia arudishe ngazi garini, awahi kabla barabara haijafungwa. Kisha sauti yake ikarudi, ya kiofisi tena, ingawa imechoka.

"Sasa, bwana Gamaliel. Kwa ajili ya wanasheria. Jina lako kamili, tafadhali, na mahali unapoishi. Taratibu, ninaandika."

Upepo ulilipiga paa, na paneli zikatoa mlio wa chini kama mtu anayenung'unika usingizini. Nilsa, bomba bado mkononi, alimsikia Gamaliel akianza kutaja jina lake herufi moja moja. Alifika katikati, akanyamaza, akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi.